Siku nilifufuka ku malalo

Bandugu, mi nilikuwaka mukimbiaji wa kweli, musicheke. Zamani hapa Lubumbashi nilikuwa nakimbia metre 10.000, ile ya mizunguko 25 ya kiwanja, mu dakika 31 na kitu, na miguu ilikuwa myembamba mpaka mama alikuwa anasikia haya, ati majirani batasema hatulake. Kisha kazi ikakuja, ndoa ikakuja, bukari ya saa tatu ya usiku ikakuja, tumbo nayo haikubakia nyuma. Basketi zangu za mbio, batoto ba yaya njo balizimaliza ku shamba.

Mwaka huu nikasema narudia. Kosa ni ya muzee moja wa Kanada, Ed Whitlock, kijana wa kwetu alinionyesha habari yake ku telefone. Ule papa aliachaka mbio akiwa kijana, akairudilia akipita miaka 40, na mu 2004, akiwa na miaka 73, akakimbia maratoni ya Toronto mu saa 2 na dakika 54. Miaka 73! Na miaka 85 ilimukuta bado anamaliza chini ya saa ine. Mi hata 50 sijafika. Sasa alikuwa anafanya mazoezi wapi? Ku makaburi. Yalikuwa karibu na nyumba yake, basi anazunguka, anazunguka, siku ingine masaa tatu, juu kule hakuna magari na wenyeji habana maneno.

Nikaona Mungu eko anaongea na mi. Juu hapa kwetu ukikimbia ku barabara taxi-bus inakutafuta mpaka mu mufereji, vumbi ya mwezi wa nane inakuingia mpaka ku meno, na batoto banakufuata banauliza "papa, umeiba nini?" Ku malalo kuko miti, kuko kivuli, kuko kimya. Mulinzi akaniuliza kama niko na ndugu mule ndani, nikamwambia hapana, nakuja kukimbia. Akafungua mulango polepole bila kunipa mugongo.

Bale banarudia mu mbio banajua kitu hii: pumuzi inarudi haraka, juma chache tu mapafu yanakumbuka kazi, lakini ule mushipa munene wa kisigino haiko na haraka yoyote, hauitikie mutu, hata ukiuambia ulikuwa nani mu mji. Wangu ukanikamata asubuhi moja nikiwa nyuma kabisa, upande wa makaburi mapya. Nikakaa chini, nikaegemea kaburi moja, nikaanza kujinyoosha na kulia lia kidogo. Ile kaburi ilikuwa imepakwa chokaa asubuhi ile ile. Mi sijui. Najipangusa jasho ku uso, najipangusa ku shingo, na singlet yangu nayo ni nyeupe.

Bantu ba kilio balifika kwa miguu, polepole, na mi sikubasikia juu ya kulia kwangu. Pasta alikuwa anahubiri habari ya Lazaro. Nawaapia. Alivuta sauti, "LAZARO, TOKA INJE!", na mi saa ile ile kisigino kikaachilia, nikasimama katikati ya makaburi na kusema "Aaaaah."

Pasta njo alikuwa wa kwanza kuondoka. Imani ni kitu ya ajabu, lakini ule papa hakungojea kuona muujiza wake. Bale bane balibeba sanduku baliiweka chini na heshima, hiyo nabashukuru, kisha bakapotea. Bibi ya marehemu akasimama kidogo kunitazama muzuri, nazani alitaka kuhakikisha kama ni bwana yake, akaona haiko yeye, naye akakimbia.

Sasa mi niliona bantu mia banakimbia, nikajua kuko kitu nyuma yangu. Hapa kwetu hauulizake, unakimbia kwanza. Nikakimbia. Bale ba nyuma bakageuka bakamuona mufu eko anabafuata na mwendo muzuri, bakaongeza. Nikaanza kupiga makelele "Simameni, mi ni muntu!" na kumbe hiyo njo neno mbaya kabisa, juu muntu wa kweli hasemake vile.

Mbele ya bote kulikuwa mama moja munene, liputa imefungwa mbili, viatu mu mukono, kitambaa ya kichwa imebakia mu miti. Nikasema huyu namufikia. Nilimupima mu kona, akaenda. Nilimupima tena pa njia iliyonyooka, akaenda zaidi. Mpaka ku mulango sikumuona sura.

Mulinzi njo aliniokoa, anacheka amekaa chini, anabaambia "ni ule papa wa kukimbia!" Kukakuwa matusi, hiyo nairuka. Shida ingine ilikuwa kurudi kule, juu hakuna mutu alitaka kuwa wa kwanza. Bakakubaliana kama mi nitatangulia, na chokaa yangu, na kaputula, na kwa sababu niko nguvu, nabeba sanduku upande wa kichwa.

Vile tulimaliza kuzika, ule mama akanikaribia, bado anavaa viatu. Nikamusalimia na heshima, nikamuelezea kama zamani nilikuwa bingwa, metre 10.000, dakika 31.

Akanitazama tumbo, akanitazama kisigino, akauliza:

"Papa, siku ile njo nani alikuwa anakufukuza?"