Mama Mkubwa na Dakika za Majeruhi

Kipa akilala, mpira unasimama. Mchezaji mwingine akitibiwa uwanjani, kwa kawaida anatolewa nje ya mstari asubiri refa amruhusu kurudi, na kwa muda huo timu yake iko pungufu. Kipa hatoki. Anatibiwa palepale golini, watu wazima ishirini na mmoja wanamngoja kama bwana harusi. Ndiyo maana ukiona timu inaongoza bao moja na jua linazama, wa kwanza kubanwa na msuli ni kipa.

Mimi ni kipa. Timu ya mtaa, Mikindani.

Msimu wa korosho uliopita tuliingia fainali ya kugombea mbuzi. Watu wakishalipwa korosho zao wanakuwa na moyo wa kuchanga, na safari hii walichanga beberu wa maana. Alifungwa kwenye mbuyu nyuma ya goli langu, anatafuna maganda ya muhogo na kunitazama kama mtu anayejua hatima yake imo mikononi mwangu. Wapinzani walikuwa vijana wa Naliendele, wana miguu mirefu na wana mbio. Tukawafunga kipindi cha kwanza kwa kona ambayo, tuseme ukweli, haikuwa kona.

Wakati wa mapumziko kocha alitukalisha chini ya mwembe akatupa somo. Akatusimulia habari za Roberto Rojas, kipa wa Chile. Tarehe 3 Septemba 1989, Maracanã, Brazil inaongoza 1-0, fataki likarushwa kutoka jukwaani likatua karibu naye. Rojas akaanguka, akainuliwa damu imetapakaa usoni, wenzake wakambeba wakatoka naye na mechi ikavunjika. Baadaye ikagundulika kwamba fataki halikumgusa. Alikuwa ameficha wembe ndani ya glavu, akajichanja mwenyewe. Chile ikafungiwa Kombe la Dunia la 1994, na yeye akafungiwa maisha, adhabu iliyofutwa mwaka 2001.

Tukadhani kocha anatuasa tucheze kiungwana. Akamalizia, "Sasa mimi hata wembe siwaombi. Nawaomba mlale tu."

Akanigeukia. "Nikivua kofia, wewe umeumia."

Kipindi cha pili tulianza kwa mbinu za kawaida. Mpira ulikuwa mmoja tu, na beki wetu wa kushoto aliupiga mikoroshoni mara nne. Mrusha mpira wetu alikuwa anaufuta kwa jezi kama anafuta sahani ya mgeni. Mimi nikiudaka nauganda kifuani. Tatizo lilikuwa refa. Refa wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akishika kitu kipya utakoma. Zamani kipa alikuwa na sekunde 6, ambazo hakuna refa aliyewahi kuzihesabu. Kuanzia msimu wa 2025/26 zimekuwa 8, refa ananyoosha mkono na kuzihesabu tano za mwisho kwa vidole, zikiisha wapinzani wanapewa kona. Yule bwana hakutosheka na vidole. Alihesabu kwa sauti ya darasani, na watoto waliojaa pembeni, nusu yao wanafunzi wake, wakamwitikia: "Tano! Nne! Tatu!" Uwanja mzima unaimba. Mara mbili nimeuachia mpira kwa woga tu.

Dakika ya themanini na sita kocha akavua kofia.

Walipiga krosi, nikaruka nikaudaka vizuri kabisa, hakuna aliyenigusa isipokuwa upepo wa bahari. Nikashuka chini na kishindo, nikapiga ukelele, nikashika goti. Halafu nikakumbuka kwamba goti ni jambo dogo. Rivaldo wa Brazil, Kombe la Dunia la 2002, walipocheza na Uturuki, mpira ulimgonga mguuni akaanguka ameshika uso, na Mturuki akala nyekundu. Kweli baadaye FIFA ilimtoza faini, lakini mimi FIFA wangenipata wapi? Nikahamisha mkono mmoja kutoka gotini nikaupeleka kichwani.

Huo mkono wa kichwani ndio ulioniponza.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Mama mkubwa alikuwa ameshafika. Alikuwa ametelemka kutoka Newala asubuhi ile kuja kutusalimia, na mama akaona amlete aone mpira wa mwanawe. Mama mkubwa hajawahi kuona mpira maishani mwake. Hajui kofia ya kocha ina maana gani. Alichokiona ni mtoto wa mdogo wake ameanguka kutoka juu, ameshika kichwa, anapiga mateke, na wanaume ishirini na mmoja wamesimama mikono kiunoni wanatazama.

"Nnungu wangu! Watu gani nyie?"

Alivuka ule mstari mbio na ndala mkononi. Refa akajaribu kumzuia, akapewa jicho akarudi nyuma. Nyuma yake mama, na nyuma ya mama wanawake wa mtaa mzima.

Wachezaji wa kulipwa wana raha moja ambayo hatuisemi: daktari wao anajua. Anakuja na mkoba, anapuliza dawa ya baridi, anainama anamwuliza, "Bado?" na jamaa anajibu, "Bado kidogo." Kujiangusha ni kazi ya watu wawili. Mimi aliyeniinamia alikuwa Mama mkubwa, machozi yamemjaa, ananipepea kwa mtandio.

"Mama mkubwa," nikamnong'oneza, maana refa alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, na kwa sheria ukikiri umejifanya ni kadi ya njano, "sijaumia. Naigiza."

Akanyanyua uso akawatangazia wenzake, "Anaweweseka! Anasema anaigiza!"

"Mama mkubwa, niko mzima kabisa."

"Nyamaza. Mjomba wako alivyoanguka mkoroshoni alisema hivyohivyo, niko mzima. Alilala miezi miwili."

Nikamtazama mama anisaidie. Mama alikuwa analia. Nikamtazama kocha. Kocha, kwa mbali, alikuwa ananionyesha dole gumba. Aliamini ni mimi nimewapanga.

Mama mkubwa akafungua kanga ya juu, mpya, ina jina la WEMA HAUOZI, wakaitandaza wakanisukumia ndani kama kifurushi. Wanawake wanne, kila mmoja na pembe yake. Nikajaribu kukaa, mmoja akanikandamiza kifua: "Tulia baba, tulia." Watoto wakashangilia. Tukampita beberu, akaacha kutafuna.

Bajaji ilikuwa imesimama chini ya mbuyu. Tumebakiza kama hatua tatu nikasikia mlio mdogo mgongoni, *trrr*, kwenye lile neno HAUOZI. Kanga ni ya kujifunga, jamani, si ya kubebea kipa wa kilo sabini na mbili. Ikachanika kutoka pindo hadi pindo, nami nikashukia kifandugu, juu ya mzizi wa mbuyu.

Ukelele nilioutoa hapo haukuwa wa kuigiza. Niliona nyota na hata saa kumi na mbili haijatimia.

"Mnaona?" Mama mkubwa akasema. "Nilisema huyu kaumia."

Nikapakiwa, kichwa mapajani kwa mama, miguu nje, tukaondoka. Huko zahanati muuguzi akaniuliza nimeumia wapi. Mama mkubwa akajibu kichwani, mama akajibu gotini, mimi nikajibu matakoni. Muuguzi akaweka kalamu chini akatutazama kwa zamu. Nilipewa vidonge vya maumivu na nikaambiwa nisikalie kitu kigumu kwa wiki mbili.

Uwanjani nilipoondoka hatukuwa na mchezaji wa akiba hata mmoja, tulikuwa tumeshawamaliza. Timu haiwezi kucheza bila kipa, kwa hiyo beki wetu wa kushoto, yule fundi wa kupiga mpira mikoroshoni, ndiye aliyekaa golini. Mikono mitupu, kwa sababu glavu nilikuwa nimezivaa mimi kwenye bajaji. Na refa, mwalimu yule, alizirudisha dakika zote tulizolala, tulizofuta mpira na tulizobebana kwenye kanga. Aliongeza dakika kumi na moja. Naliendele walisawazisha ya tatu, wakafunga la pili ya tisa. Beberu alipanda bodaboda akaenda nao.

Siku ya pili jioni nikajikongoja hadi kijiweni, nimeegemea fimbo ya Mama mkubwa, kila hatua nauma meno. Wote walikuwa pale, kimya. Kocha kavaa kofia yake. Akanitazama nilivyokuwa nakuja, kutoka mbali mpaka nikafika, nikashindwa hata kukaa kwenye benchi.

"Bwana mdogo," akasema, "acha kuchechemea. Mpira umeisha jana."