Duma Bila Magari

Fikiria picha ya duma wa Maasai Mara: amekaa juu ya kichuguu, nyasi za dhahabu, anga tupu nyuma yake. Kabla haijahaririwa, nyuma ya sikio lake ilionekana bodi ya Land Cruiser, na pembeni mikono mitatu iliyoshika simu. Dakika kumi za kazi kwenye kompyuta na vyote vimetoweka. Duma mwenyewe hakuguswa hata unywele. Je, tumedanganywa?

Wapiga picha wengi watasema hapana, na wana hoja. Picha ghafi hutoka kwenye kamera ikiwa imepooza. Lazima mtu aamue mwanga na rangi, kama walivyofanya waliosafisha filamu gizani. Vumbi likiingia ndani ya kamera huacha madoa angani ambayo jicho halikuyaona, na kuyafuta ni kuurudisha ukweli. Wapo pia wanaoficha kwa sababu njema: picha ya faru iliyobaki na taarifa za mahali ilipopigwa inaweza kuwa ramani ya jangili. Hapo futa, tena bila kusita.

Ugomvi huanza mnyama mwenyewe anapochezewa. Mwaka 1994 Mmarekani Art Wolfe alitoa kitabu cha picha ambamo baadhi ya wanyama, wakiwemo pundamilia, walinakiliwa kuziba mapengo ya kundi. Alieleza hivyo kwenye utangulizi, lakini wenzake walimjia juu hata hivyo. Sidhani walikosea: picha huzunguka bila utangulizi wake.

Ila kupima udanganyifu kwa kiasi cha uhariri hakutoshi. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, yanayoandaa shindano la picha za wanyamapori, yaliinyang'anya ushindi picha ya mla mchwa iliyopigwa Brazil, baada ya wataalamu kuamua kwamba mnyama yule alikuwa mzoga uliokaushwa na kujazwa, si mnyama hai. Mpiga picha alikana. Kama wataalamu walikuwa sahihi, uongo ulikamilika hata kabla ya kompyuta kuwashwa.

Ndiyo maana yale magari yaliyofutwa yananisumbua kuliko rangi iliyokolezwa. Duma huwinda mchana, na msongamano unamgharimu. Utafiti wa Mara uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba penye watalii wengi duma jike alikuza wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao hadi kujitegemea. Penye wachache, 2.3. Magari si uchafu kama vumbi. Ni sehemu ya maisha ya yule duma, pengine ndiyo habari yenyewe.

Na picha safi ina kazi nyingine. Inauza safari. Mtu anaiona akiwa Ulaya, analipa, anafika na kukuta magari kumi na tano yamemzunguka duma mmoja. Aliahidiwa anga tupu. Basi anamgusa dereva begani: sogea kidogo, tuwapite hawa.