Pathétique ya Mravinsky: kipimo au kizuizi?

Simfoni ya Sita ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, ile inayoitwa Pathétique, imerekodiwa mara nyingi mno, lakini ukiuliza uanze na rekodi ipi, jina moja halikosi kutajwa: kiongozi wa okestra Yevgeny Mravinsky na okestra yake ya Leningrad (leo St. Petersburg), waliorekodi Vienna, Novemba 1960. Wapenzi wa muziki huu wameifanya kipimo cha kupimia nyingine zote. Je, rekodi yenye umri wa zaidi ya miaka 60 bado inastahili kiti hicho, au heshima tunayoipa imetuziba masikio?

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee. Nairobi ina okestra yake, lakini wasikilizaji wengi wa ukanda huu wataishi na kuzeeka bila kuisikia Pathétique ikipigwa mbele yao ukumbini. Rekodi unayoanza nayo ndiyo inayokuwa simfoni yenyewe kichwani mwako. Ukishazoea mwendo wake na pumzi zake, mwingine yeyote atakayepiga tofauti utamwona anakosea.

Upande wa Mravinsky una hoja nzito. Aliiongoza okestra hiyo kuanzia 1938 hadi alipofariki 1988, na alisifika kwa mazoezi makali yasiyoacha kitu kwa bahati. Nusu karne ya kiongozi mmoja na okestra moja ni jambo ambalo leo karibu halipo, kwa kuwa viongozi wakubwa hugawa msimu wao kati ya miji miwili mitatu. Tena ukumbi wa nyumbani wa wanamuziki hao ndimo Tchaikovsky mwenyewe alimosimama kuiongoza simfoni hii kwa mara ya kwanza, tarehe 28 Oktoba 1893, siku tisa kabla ya kifo chake. Walipokuwa ziarani mwaka 1960, kampuni ya Deutsche Grammophon iliwanasa kwa sterio katika ukumbi wa Musikverein. Tarumbeta na tromboni zao zina ukali na mtetemo ambao okestra za siku hizi, zinazozidi kufanana kutoka mji hadi mji, zimeupoteza. Fidla nazo hukimbia kwa kasi ya kutisha pasipo hata mmoja kubaki nyuma.

Ila hoja ninayoiona kubwa kuliko zote iko mwanzoni mwa sehemu ya nne, na inahusu viti. Wimbo ule wa maombolezo unaoshuka ngazi kwa ngazi haupigwi na kundi lolote peke yake. Tchaikovsky aliugawa noti kwa noti: fidla za kwanza hupiga noti moja, fidla za pili hupiga inayofuata, kisha hupokezana hivyo hivyo. Mpiga fidla akifanya mazoezi nyumbani na karatasi yake hawezi kuusikia wimbo huo. Anaona noti zinazorukaruka bila maana. Unazaliwa hewani, kati ya makundi mawili. Baadaye ukirudi, fidla za kwanza hupewa wimbo wote bila kugawana.

Kwa nini ahangaike hivyo? Katika zama zake fidla za kwanza zilikaa kushoto na za pili kulia, zikitazamana, hivyo msikilizaji aliyekaa mbele alisikia kilio kikiyumba kutoka upande huu hadi ule. Katika karne ya 20 okestra nyingi zilizihamishia fidla zote kushoto, na mchezo huo ukafa kimyakimya. Mravinsky aliendelea kuziketisha kwa mtindo wa zamani. Weka spika mbili mbele yako, au vaa hedifoni, usikilize dakika ya kwanza tu ya sehemu hiyo: utasikia jambo ambalo rekodi nyingi zilizokuja baadaye, zenye mitambo bora mara kumi, hazina.

Hata hivyo kuna mambo ambayo rekodi za zamani hazikuweza. Katika sehemu ya kwanza, kabla tu ya okestra nzima kulipuka, Tchaikovsky alimpa mpiga basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, noti nne za mwisho akaziandikia alama sita za p (yaani piga kwa sauti ya chini), ambapo hata tatu tu tayari ni sauti ya chini kabisa. Viongozi wengi humpa mpiga klarineti besi, klarineti kubwa ya sauti nzito, noti hizo kwa kuwa basuni hushindwa kunong'ona kiasi hicho. Kwenye santuri ya miaka ya sitini, mkwaruzo wa sindano ulishindana na mnong'ono huo. Rekodi ya kiongozi Teodor Currentzis na okestra yake MusicAeterna iliyotoka 2017 inakupa kimya chenyewe, kisha inakupasua. (Wenye pikipiki zinazopita dirishani wasubiri usiku, maana ukiongeza sauti ili uisikie klarineti, mlipuko utawaamsha majirani.)

Tukirudi nyuma zaidi hali inakuwa ngumu. Kiongozi Mjerumani Wilhelm Furtwängler aliirekodi Pathétique na okestra ya Filamoni ya Berlin mwaka 1938 kwenye sahani ambazo kila upande ulibeba dakika nne au tano. Wanamuziki walilazimika kukatiza na kuanza tena, na muziki wenye pumzi ndefu ukakatwa vipande. Naipenda rekodi hiyo, lakini simwelekezi mgeni aanzie hapo.

Kisha kuna kiongozi Mmarekani Leonard Bernstein. Mwaka 1986, akiwa na okestra ya Filamoni ya New York, aliivuta sehemu ya nne ikafika dakika 17, wakati Mravinsky haifikishi hata 10. Nakala iliyochapishwa inaagiza mapigo 54 kwa dakika mwanzoni, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi Bernstein amepotea njia. Wanaomtetea husema huzuni haipimwi kwa saa, na kuna dakika kadhaa mwishoni ambapo nakubaliana nao kabisa: besi zinapozama, ule uzito ni wa kweli. Lakini wimbo wa mwanzo, ule uliogawanywa noti kwa noti, unapovutwa namna hiyo hukatika vipande.

Ndiyo maana nabaki na Mravinsky kwa anayeanza, kwa sharti kwamba baada ya mara mbili tatu amsikilize Currentzis, au Kirill Petrenko aliyeirekodi na Filamoni ya Berlin mwaka 2017, kabla kasi ya Leningrad haijamkaa kama sheria. Bernstein awe wa tatu, na karatasi ya muziki mkononi ikiwezekana. Nakala ya karatasi hiyo hupatikana bure mtandaoni, kwani haki za mtunzi zilikwisha zamani.