Acheni Kuyafunga Magari kwa Turubai la Nailoni

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini. Nimekasirika, na nimeona niandike kabla hasira haijapoa.

Mvua zikishakata mwezi wa tano, baridi ikaanza kuuma kuanzia Mufindi hadi Makete, pita kwenye nyua za watu uone. Gari limefunikwa turubai la bluu lililovutwa mpaka chini, kamba za manila zimepitishwa uvunguni, mafundo yamekazwa kama mzigo wa kusafirisha. Mwenye gari anaingia ndani kulala akiamini amelilinda. Kumbe amelifungia maji.

Baba mdogo yangu wa Njombe alipostaafu alinunua Coaster kuukuu. Akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati la plaiwudi, meko ya gesi na tanki dogo la maji. Akawa anampeleka mama mdogo Matema kwenye Ziwa Nyasa, na wakati wa maua akampandisha Hifadhi ya Kitulo. Watu waliomuona wanajua alivyolipenda gari lile. Maua ya Kitulo ni ya masika, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo gari lilirudi nyumbani limeloa, tope limejaa kwenye mabawa ya matairi, mazulia yana maji. Kijana wa dukani akamuuzia turubai zito la nailoni na kumhakikishia kwamba hata tone moja halitapita. Likafungwa siku hiyo hiyo.

Mwezi wa nane tukalifungua. Harufu ilitutoa nje. Godoro lilikuwa limeota ukungu mweusi upande wote wa chini, plaiwudi ya sakafu imevimba na kuachana matabaka, na kwenye mfereji wa mvua juu ya milango kutu ilikuwa imeinua rangi mpaka ukiigusa inabanduka kwa kidole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, halafu akaniuliza: "Mwanangu, maji yameingilia wapi? Turubai halina hata tundu."

Maji hayakuingia. Yalikuwemo, yakanyimwa njia ya kutoka.

Hebu tulielewe hili vizuri, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Mchana jua la Njombe hata wakati wa kipupwe lina nguvu. Linalipasha joto turubai, na ardhi na majani chini ya gari vinatoa mvuke. Hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Usiku ikishuka hadi nyuzi 5, hewa hiyo hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7 hivi. Kama ilikuwa imejaa mvuke, zile kumi zinazobaki zinageuka matone, na matone yanatafuta mahali penye baridi kuliko pote: bati la paa, vioo, mikunjo ya milango, chesisi. Mbingu ikiwa haina wingu, kama ilivyo usiku mwingi wa mwezi wa saba kwetu, paa hupoa hata kuliko hewa inayolizunguka. Asubuhi jua linayageuza matone kuwa mvuke, usiku unarudi kuwa matone, na nailoni imefunga mlango. Maji yale yale yanazunguka humo ndani miezi mitatu, minne. Chuma kinachohitaji maji na hewa tu ili kishike kutu kimepewa vyote viwili kwa mpangilio mzuri kabisa.

Mkulima wa Njombe huyu huyu mwambie aitie mbegu yake ya viazi kwenye mfuko wa nailoni, aufunge, auweke stoo mpaka msimu ujao. Atakutazama mara mbili. Anajua itatoa jasho na kuoza, ndiyo maana anaitandaza kwenye chanja hewa ipite. Maarifa tunayo, lakini gari likifika uani tunayaweka pembeni na kumsikiliza muuza turubai.

Sehemu ya tatizo ni kwamba tumeiga. Video zimejaa za Wamarekani na Wakanada wakiyafunika magari yao ya kulala kabla ya majira ya baridi, na kijana wa dukani naye amezitazama. Wenzetu wana sababu zao. Theluji inalala juu ya paa wiki nzima, na maji yakiachwa kwenye mabomba yanaganda, yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na kupasua mabomba. Kwa hiyo wanamwaga maji yote, wanapitisha dawa ya kuzuia kuganda, ndipo wanafunika. Na ukitazama vizuri, mwenye kujua kazi hafuniki kwa nailoni. Anatumia kava la kitambaa cha poliproplini chenye matabaka, kinachozuia maji ya juu na kuruhusu mvuke wa ndani utoke, tena limewekewa matundu ya hewa yenye vifuniko ubavuni. Sisi tulichukua picha ya gari lililofunikwa, tukaliacha kava lenyewe.

Halafu baridi yetu si yao. Kutoka Uyole mpaka Makambako kipupwe ni kikavu, kina vumbi, umande na upepo. Mufindi na Lupembe kuna ukungu na manyunyu yanayoweza kukaa siku nzima. Tukuyu kule mvua haiulizi mwezi. Mahali pekee ninapoweza kumwelewa mtu akiogopa barafu ni Makete na juu Kitulo, na hata huko barafu ya alfajiri inayeyuka jua likipanda. Adui anayelingoja gari letu ni unyevu, na baada yake ni jua. Mionzi mikali ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Njombe iko karibu mita 2,000. Mionzi hiyo ndiyo inayoyafanya maturubai ya bei nafuu yakauke, yapasuke na kuanza kumwaga vipande uani kabla hata ya msimu wa pili.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba turubai linazuia kinyesi cha ndege na utomvu wa miti. Nakubali pia kwamba kava zuri la kupumua ni ghali na si rahisi kulipata huku kwetu. Lakini anayenijibu kwamba masikini hana la kufanya, sikubaliani naye hata kidogo.

Turubai lile lile linaweza kufanya kazi nzuri likigeuzwa kuwa paa. Simamisha nguzo nne za milingoti (mikaratusi), pitisha fito, tandika turubai juu kwa mteremko, liache wazi pande zote, na lisiguse gari. Mwenye uwezo kidogo aweke bati. Upande wa upepo piga mabanzi, ambayo kwa watu wa Mafinga na Njombe si kitu cha kutafuta, na uache nafasi kati ya banzi na banzi. Hewa ikipita, umande wa usiku unakauka kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna teknolojia hapo, na hakuna cha kuagiza kutoka nje.

Kabla ya kuliegesha, lioshe, hasa uvunguni tope linapojificha, kisha liache lianikwe na jua mpaka likauke kweli, hata kama ni siku mbili. Godoro na mazulia yaingie nyumbani. Tanki la maji limwagwe. Chakula kisibaki hata punje, kwa sababu panya akishajenga kiota huhamia kwenye nyaya. Chomoa terminali hasi ya betri. Usiliache na handibreki, maana viatu vya breki hugandana na ngoma kwenye unyevu. Weka gogo kwenye matairi. Na tafadhali, usiegeshe juu ya majani. Siku ya jua fungua milango yote, gari lipate hewa.

Ukilazimika kulivika kitu, kiwe kitambaa, na kiishie juu ya matairi. Kona za vioo na antena zifunge matambara kwanza. Kitambaa kinachopigapiga kwa upepo, kikiwa na vumbi katikati, kinaisugua rangi mpaka inafubaa, na mwenye gari atamlaumu fundi aliyelipiga rangi.

Wafanyabiashara wa maturubai, nawaomba kwa heshima zote. Mteja akiwaambia ni la kufunika gari, mwambieni ukweli. Kuna wazee wanaoweka kiinua mgongo chao chote kwenye magari haya. Baba mdogo hakununua Coaster kwa kujionyesha. Alikuwa amefanya kazi ofisini miaka mingi bila kuiona nchi yake, akaamua auone mkoa mmoja baada ya mwingine akiwa na mke wake, kwa mwendo wao wenyewe. Mtu kama huyo hastahili kuuziwa uongo.

Fundi bodi ameanza kukwangua kutu kwenye mfereji wa paa, na plaiwudi ya sakafu itabadilishwa yote. Banda nimelichora mwenyewe, nguzo zimeshakatwa. Ninyi wa Makambako mtakaolijenga la kwenu, chimbieni nguzo chini zaidi ya sisi na mfunge paa kwa waya badala ya kamba, maana upepo wenu mnaujua.