Eliya Hakuwa Peke Yake

Mhubiri akishataja jina la Eliya, wasikilizaji wanajua moto uko njiani. Tunapelekwa moja kwa moja Mlima Karmeli: manabii 450 wa Baali, mungu wa Wakanaani, wanarukaruka tangu asubuhi bila kujibiwa, kisha mtu mmoja anaomba dua fupi, na moto unashuka kuteketeza ng'ombe, kuni, mawe na hata maji ya mfereji. Ni simulizi tamu, sibishi. Ndiyo maana wengi wanaojiita manabii kwenye mabango na redio zetu wanataka kuwa Eliya wa siku ile. Sijamsikia anayetaka kuwa Eliya wa siku iliyofuata.

Mimi naona marabi wa zamani, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, na waandishi wa Injili walimwelewa mtu huyu kuliko sisi. Moto wake waliujua vizuri. Ila walimkumbuka pia kama nabii aliyesahihishwa na Mungu, akapewa kazi nyingine, na kazi hiyo ya pili ndiyo waliyoipenda.

Turudi kwenye kitabu cha Wafalme wa Kwanza. Eliya anaibuka sura ya 17 ghafla, hatajiwi baba wala wito, ni Mtishbi tu kutoka Gileadi, anamwambia Mfalme Ahabu wa Israeli kwamba mvua imefungwa. Ahabu hakuwa mfalme wa kubabaisha. Jiwe la Shalmaneser III, mfalme wa Ashuru, ambalo leo liko kwenye jumba la makumbusho la British Museum jijini London, linamtaja kati ya wafalme waliopigana naye huko Qarqar mwaka 853 KK, na linamhesabia magari ya vita 2,000 na askari wa miguu 10,000. Kumwendea mtu kama huyo mikono mitupu kulitaka moyo. Hapo Eliya nampa heshima yake yote.

Lakini soma sura ya 18 polepole. Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anakutana na Eliya njiani na kumweleza waziwazi: Yezebeli, mke wa Ahabu, alipokuwa akiwaua manabii wa Bwana, yeye aliwaficha 100, hamsini hamsini pangoni, akawa anawapelekea chakula na maji. Hayo yalifanyika wakati wa ukame, na aliyeyafanya alikuwa anakula mshahara wa Ahabu! Aya chache baadaye Eliya anasimama mbele ya umati Karmeli na kutangaza kwamba nabii wa Bwana aliyesalia ni yeye peke yake. Alikuwa ameshaambiwa. Ama hakusikia, ama alisikia akaona wale wa mapangoni si manabii wa kuhesabika. Mimi naelekea upande wa pili.

Kisha Yezebeli anatuma mjumbe mmoja tu, na shujaa wa Karmeli anakimbia mpaka Beer-sheba, anaingia jangwani, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. (Wachungaji wanaowaambia wenye sonona kwamba wamepungukiwa imani wangeisoma aya hiyo mara mbili.) Huko Horebu, mlima wa Mungu, unapita upepo, tetemeko na moto, na Bwana hayumo katika hivyo, ndipo inakuja sauti ndogo ya utulivu. Watu hupenda kuishia hapo. Kinachonishangaza mimi ni kwamba Eliya anaulizwa anafanya nini mahali pale mara mbili, kabla ya sauti na baada yake, na mara zote anajibu maneno yaleyale: Waisraeli wameliacha agano, nimesalia mimi peke yangu. Yote aliyoyaona hayakumbadilishia hata sentensi. Basi anaambiwa arudi akamtie mafuta Elisha awe nabii mahali pake, na anapewa taarifa ambayo hakuiomba: wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti.

Marabi hawakuipita kimya ile "mahali pake". Mekhilta, ufafanuzi wa kale wa kitabu cha Kutoka, inasema Eliya aliitetea heshima ya Baba akaisahau heshima ya mwana, yaani Israeli, ndiyo maana akaletewa mrithi. Masimulizi mengine, yaliyomo katika Pirke de-Rabbi Eliezer, yanakwenda mbali zaidi: kwa kuwa Eliya aliwashtaki Waisraeli kwamba wameliacha agano, Mungu alimwamuru awe shahidi katika kila tohara yao. Hadi leo Wayahudi wanapomtahiri mtoto wa siku nane huwepo kiti cha Eliya. Sijui hukumu nyingine iliyotungwa kwa ucheshi na huruma kiasi hicho. Uliyesema wote wameasi, haya, njoo ukae uhesabu watoto wanaoingia katika agano, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, karne baada ya karne.

Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi nako anamiminiwa kikombe cha divai na kufunguliwa mlango. Na katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, mzee huyu wa moto anazurura sokoni. Ipo habari ya Rabi Beroka aliyekutana naye katika soko la Bei Lefet, akamuuliza kama kuna yeyote pale mwenye fungu katika ulimwengu ujao. Eliya akamwonyesha askari jela, aliyekuwa akiwatenga wafungwa wanaume na wanawake na kuwalinda wanawake wa Kiyahudi wasidhuriwe. Kisha akamwonyesha ndugu wawili waliokuwa wachekeshaji: wakimwona mwenye huzuni humchangamsha, wakiona wanaogombana huwapatanisha. Mtu aliyesema hakuna mwingine zaidi yake sasa kazi yake ni kuwaonyesha marabi wenye haki wasioonekana.

Agano Jipya nalo halimwachii Eliya moto wake. Yakobo na Yohana, wamekataliwa malazi katika kijiji cha Wasamaria, wanamuuliza Yesu kama waite moto kutoka mbinguni. Mfano walikuwa nao: katika nchi hiyohiyo ya Samaria Eliya aliteketeza maofisa wawili na askari wao hamsini hamsini, jumla watu 102. Yesu aliwakemea, wakaenda kijiji kingine. Kule Nazareti alipomtaja Eliya mwenyewe, hakugusia Karmeli. Alimtaja mjane wa Sarepta, mwanamke wa Sidoni, nchi alikotoka Yezebeli, na watu wa sinagogi wakataka kumtupa chini kutoka ukingo wa mlima. Hata Malaki, anayelifunga Agano la Kale kwa Wakristo, anaahidi kwamba Eliya atarudi kuigeuza mioyo ya baba kwa watoto na ya watoto kwa baba zao. Malaika alipomtabiri Yohana Mbatizaji kwa baba yake, Zakaria, alitumia maneno hayo.

Najua nitakalojibiwa: bila Karmeli, Baali angebaki. Kweli, na simtaki Eliya mpole asiyemkera mtu. Ninayemtaka yumo katika sura ya 21. Naboti amekataa kuuza shamba la mizabibu la baba zake huko Yezreeli. Barua zinaandikwa kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wanaandaliwa, Naboti anapigwa mawe, na Ahabu anashuka kulichukua shamba. Eliya anamkuta humohumo shambani na kumuuliza kama ameua na kurithi pia. Hakuna moto wala umati. Ahabu anavaa gunia, anafunga, na adhabu inasogezwa mbele.

Hiyo ndiyo habari ya Eliya ambayo mtu wa nchi zetu, zenye kesi za mashamba kila wilaya, angeielewa bila kufafanuliwa. Nimesikia Karmeli ikihubiriwa mikutano mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Naboti namsikia kwa nadra sana, na kamwe sijamsikia pale ambapo mheshimiwa fulani ameketi kiti cha mbele.