Ada ya Kuketi

Kwanza tuelewane: mimi sina ugomvi na Waitaliano. Wamenilisha miaka 23. Nilianza ufuoni Malindi nikiuza bangili za mbao na maneno matamu, nikaingia hotelini kuosha sahani, nikamalizia weita mwenye tai ya kipepeo, na wanangu wote wamesomeshwa kwa bahashishi za Waitaliano. Ninachogombana nacho mimi ni likizo.

Binti yetu mkubwa ameolewa Genova, Italia. Akapiga simu: “Baba, mwaka huu wewe na mama mnatimiza miaka 30. Njooni mpumzike. Siku kumi hivi, pwani ya Liguria, taratibu, hakuna kukimbizana.” Hilo neno taratibu ndilo lililonipandisha ndege. Sijaliona tena tangu siku ile.

Viza siizungumzii. Nikianza ya viza hatutafika baharini leo. Nitasema tu kwamba ni euro 90 kwa kichwa, na juu yake bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Yaani mimi, ambaye maisha yangu yote sijawahi kukadiriwa zaidi ya mbuzi watatu na baiskeli, ghafla nina thamani ya milioni nne na nusu za Kenya. Mamsapu aliposikia alinitazama tofauti kwa siku mbili. Sikuupenda ule mtazamo.

Tegemeo langu lilikuwa lugha. Malindi, Kiitaliano ni lugha ya sokoni. Hawa watu walikuja miaka ya 1960 na kituo chao cha roketi pale Ngomeni, ndiko ilikorushwa ile setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na tangu hapo hawajaisha. Hata dereva wa tuktuk atakutajia nauli kwa Kiitaliano, na nauli hiyo huwa mara tatu ya ile ya Kiswahili. Nikamwambia mamsapu, “Wewe tembea nyuma yangu. Mimi ndiye ulimi wako.”

Kumbe Kiitaliano changu ni cha kusimama. Nilikigundua tukiwa bado uwanja wa ndege. Najua kumkaribisha mtu, kumvutia kiti, kumuuliza maji ya gesi au ya kawaida, kumsifia kamba wa leo. Kuulizia choo sijui. Miaka 23 sikuwahi kuulizia choo. Mimi ndiye niliyekuwa nikikionyesha.

Chumba tulipangishiwa Camogli, mji wa wavuvi, si mbali na Genova kwa treni. Nyumba ndefu ndefu za rangi ya machungwa na waridi zimejipanga mbele ya bahari kama mabibi harusi wanaosubiri mpiga picha. Wenyewe husema jina la mji maana yake ni nyumba ya wake, kwa kuwa zamani wanaume walikuwa baharini, mji ukabaki mikononi mwa wanawake. Hilo sikupaswa kulitafsiri. Tangu siku ile, kila nikifungua mdomo kuhusu matumizi, mamsapu ananiambia, “Baba watoto, hapa ni Camogli.”

Na nyumba zenyewe zina uongo. Asubuhi ya kwanza nilimwonyesha dirisha zuri lenye nakshi, nikamweleza kwa kirefu jinsi wajenzi walivyolikabilisha na upepo wa bahari. Lilikuwa limechorwa. Dirisha, fremu, kivuli cha fremu, vyote rangi tupu ukutani, na si hilo peke yake. Kwetu mtu akikuuzia nyumba yenye dirisha la brashi mnafikishana kwa chifu.

Kitu kimoja kilimgusa mamsapu rohoni: kikaango. Kila mwezi wa tano Camogli wana sherehe ya samaki, tangu 1952, na wanakaanga ndani ya kikaango chenye upana wa mita kama 4, mpini wake mrefu kama mlingoti. Cha zamani kimetundikwa ukutani mtu akione. Mamsapu, ambaye amepikia nusu ya harusi za mtaa wetu, alisimama mbele yake kimya kama amefika kwenye kaburi la walii. “Hiki,” akasema hatimaye, “tungekuwa nacho harusi ya mtoto, viazi karai vingetosha.” Na kweli havikutosha. Ni miaka minane sasa na bado linauma.

Sasa treni. Ramani inasema reli ya Genova hadi La Spezia inafuata pwani. Ramani haisemi kwamba milima ya kule imeingia hadi majini, kwa hiyo reli imepita ndani ya milima. Handaki, bahari, handaki, handaki, bahari, handaki. Bahari unaonyeshwa kama sinia la biriani la jirani: linapita, mlango unafungwa. Mamsapu alipiga picha 61. Hamsini na nane ni giza na uso wake mwenyewe kwenye kioo. Mbili ni bahari. Moja ni kidole changu, nilikuwa namwonyesha bahari.

Humo humo ndimo Kiitaliano changu kilipoaibika rasmi. Tiketi ya karatasi ya zile treni za mkoa lazima uigonge muhuri kwenye kimashine pale stesheni kabla ya kupanda. Mimi maelezo niliyasoma, kwa sauti, kwa lafudhi safi, nikaikunja tiketi nikaitia mfukoni. Mamsapu hajui neno hata moja. Alimwona bibi mmoja mwenye kikapu akiichomeka yake kwenye kimashine, naye akaichomeka yake. Mkaguzi alipopita, katika familia yetu mhalifu nilikuwa peke yangu. Nikajitetea. Bahati mbaya nikishikwa na hofu ulimi wangu hurudi kazini. Nilimwambia, “Karibu sana bwana, meza ya watu wangapi?” Faini nililipa, lakini alishindwa kuandika risiti kwa kucheka.

Tukafika Cinque Terre. Hivyo ni vijiji vitano vilivyong'ang'ania mwamba kama chaza: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. UNESCO iliviweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Vinne viko chini karibu na maji, kama vijiji vyenye akili. Corniglia kiko juu ya mwamba, mita kama 100, na stesheni yake iko chini. Mimi nikachagua Corniglia, kwa sababu kwenye picha hakikuwa na watu wengi. Ningejiuliza watu wako wapi.

Ngazi zake zina jina lake, Lardarina. Mikato 33, vidato zaidi ya 370. Nilivihesabu hadi 112, baada ya hapo nikawa nahesabu dhambi zangu. Magoti yangu ni ya pwani. Mlima mkubwa waliowahi kukutana nao wenzangu wa Malindi ni matuta ya barabarani. Mzee wa Kijerumani, si chini ya miaka 70, alinipita na fimbo mbili akinitakia siku njema. Mamsapu alikuwa mbele, leso kaifunga kibwebwe, anapanda kama mtu anayewahi maji ya mfereji kabla hayajakatwa. Nikifika kwenye kila mkato nasimama nasifia mandhari. Niliyasifia mara 33.

Tukiwa bado chini mamsapu alikuwa ameniuliza, “Baba watoto, hawa akina bibi waliosimama pale wanangoja nini?” Nikasoma kibao. Nikamwambia wanangoja jua lipungue. Basi tulipofika juu, mimi nimeshika ukuta, kikaja kibasi kidogo kikafungua mlango, wakashuka akina bibi wale wale, wakavu, wananukia manukato. Mamsapu hakusema neno. Kimya chake kilidumu hadi Manarola.

Kupatana tulipatana kwenye Via dell'Amore, Njia ya Mapenzi, iliyochongwa kwenye jabali kati ya Manarola na Riomaggiore. Haifiki hata kilomita. Mawe yaliporomoka 2012 wakaifunga, wakaja kuifungua 2024. Na ukitaka kupita unalipa, na unapangiwa saa. Mamsapu akatikisa kichwa: “Miaka 12 wanakarabati mapenzi! Sisi yetu yakiporomoka asubuhi, magharibi tumeshatengeneza, tena bure.” Nilitaka kumkumbusha mwaka 2009, nikaona bora nitazame bahari.

Bahari nayo nina maneno nayo. Ufuo wa Camogli si mchanga, ni kokoto. Na kokoto zenyewe zimekodishwa: vitanda viwili na mwavuli, euro 35. Kuna kipande cha bure pembeni, watu wamebanana kama samaki kwenye tenga. Nikalipa. Shilingi elfu tano na ushei kulala juu ya mawe, mimi ambaye nyumbani nikivuka barabara niko kwenye mchanga laini usio na mlango wala bawabu.

Halafu bahari yao haiendi. Niliketi tangu asubuhi nikingoja maji yapwe nikazungukie miamba, pengine nipate pweza wangu mmoja. Saa nne, maji pale pale. Saa saba, pale pale. Nikamwendea kijana wa miavuli nikamuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Akanitazama kama nimemuuliza mlima unalala saa ngapi. Kumbe Mediterania kujaa na kupwa kwake ni shubiri moja na kitu. Imekaa tu, kama maji kwenye beseni la kufulia. Wakati huo mamsapu yumo majini na dera lake, anaelea, amezungukwa na akina mama wa Kiitaliano wanaomfundisha kuhesabu hadi kumi.

Hapo akatokea kijana wa Kisenegali na fungu la bangili. “Fratello! Zawadi! Bure!” Na ameshanifunga moja. Jamani, kazi hiyo ndiyo iliyonilea. Najua kila hatua: zawadi, jina lako nani, una watoto wangapi, halafu mtoto wangu mdogo anaumwa. Nikamtazama kwa macho ya mwalimu mkuu mstaafu. Nikamkosoa: nikamwambia fundo lako bovu, mtalii analifungua kwa mkono mmoja. Akanishukuru sana, akafunga upya kama nilivyomwelekeza, na fundo hilo ndilo lililonitoa euro 10. Bado ninalo mkononi. Halifunguki.

Portofino tulikwenda nusu siku, na nusu siku inatosha. Ni bandari ndogo nzuri yenye majahazi ya matajiri. Mwaka 2023 waliweka sehemu mbili ambazo ukisimama kujipiga picha ukaziba njia, faini ilifika euro 275. Faini ya kusimama! Sheria hiyo ikiletwa Malindi, maskani yetu pale msikitini watafilisika kabla ya adhuhuri.

Chakula sikitukani, ila kinashangaza. Ule mrihani ambao kwetu unatiwa kwenye kikuba pamoja na asumini, mwanamke akiuvaa nyumba nzima inajua, jamaa yake wao wanamtwanga na kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni, wanamwagia kwenye tambi. Humo humo wanatia viazi na maharagwe mabichi. Tambi bila sukari, zenye harufu ya fungate! Nilikula usiku nikashindwa kumtazama mamsapu usoni. Wana pia farinata, unga wa dengu na maji na mafuta kwenye sinia, tanurini: bajia iliyopigwa pasi. Kahawa yao ni ile ile yetu chungu, kikombe ni kile kile cha muuza kahawa, lakini kwetu kikombe kimoja kinakwenda na baraza, siasa, na saa mbili za kusengenya. Wao wanaimeza wamesimama, wanatoka. Ukitaka kuketi, mahali pengi bei inapanda.

Na hapo ndipo penye donda langu. Bili yetu ya kwanza ya mkahawani: tambi mbili, maji, halafu mstari umeandikwa coperto, euro 2.50 mara mbili. Nikauliza. Ni ya meza, mkate, vijiko na uma. Kwa Kiswahili chepesi ni ada ya kuketi. Mimi niliyesimama miaka 23, nikaona leo na mimi niketi mbele ya Mwitaliano aniletee sahani, natozwa kiti! Nikalalamika kila jioni, na kila jioni mamsapu akanijibu jina la mji.

Usiku wa mwisho tukala pale bandarini. Saa tatu, na jua ndiyo kwanza linazama. Usiku wa huko mwezi wa sita una kiburi. Meza ya jirani kulikuwa na familia kubwa, watu tisa, wanapunga mikono, weita hawaoni. Vidole vikaanza kuniwasha. Mzee wao akageuka, macho yetu yakakutana, na mimi nikasimama. Sikuamua mimi. Yaliamua magoti, yale yale yaliyogoma Corniglia.

“Prego, signore.” Karibu, bwana.

Nikawasomea samaki wa siku kutoka kwenye kibao. Nikamshawishi bibi aache pweza achukue dagaa wa Monterosso. Nikapanga sahani nne kwenye mkono mmoja nikazipeleka jikoni, na mpishi hakuniuliza mimi nani, alinisukumia mkate tu akasema haraka, meza ya sita. Kiitaliano kilinitoka kama maji. Sikukosea neno. Mamsapu kwa mbali anamaliza tambi zangu.

Wakati wa kuondoka yule mzee akanishika mkono, kwa siri kama inavyotakiwa, akaniuliza nimeajiriwa hapa tangu lini. Nilipofungua kiganja: noti ya euro 5. Nikarudi mezani kifua mbele, nikaiweka mbele ya mamsapu. Bili yetu ilikuwa imeshaletwa. Akaipitisha kidole polepole hadi kwenye coperto, mbili na nusu mara mbili, akailaza noti yangu juu ya mstari ule.

“Haya, baba watoto. Sasa keti.”