Riwaya Ikishatoka Chapani, Mwandishi Awaulize Wenzake?

Hivi karibuni mwandishi mmoja wa Pemba alituletea waandishi wanne wa Unguja nakala za riwaya yake mpya, akatuomba tumweleze tulivyoiona bila ya kumstahi. Ombi hilo lilizusha mjadala baina yetu hata kabla hatujakifungua kitabu chenyewe, kwa sababu mmoja wetu aliona kuwa limekuja wakati usio wake.

Hoja yake ilikuwa nzito. Maoni, alisema, hutafutwa kazi ingali mswada. Kitabu kikishatiwa jalada kasoro iliyotajwa haifutiki, na mwandishi hubaki kuikumbuka kila anapomkabidhi mtu nakala. Alitukumbusha kuwa hata Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, kabla ya riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale kuchapishwa mwaka 1960, kazi yake ilikuwa imekwishapita mbele ya majaji wa mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kushinda. Huo ndio utaratibu mwema, na sina la kuupinga.

Lakini utaratibu huo unahitaji mtu wa kuusoma mswada. Waandishi wengi wa visiwani leo hugharamia uchapaji kwa fedha zao wenyewe, na kazi hutoka kwenye kompyuta ikaenda moja kwa moja kwa mpiga chapa, ambaye kazi yake ni karatasi na wino, wala si usawiri wa wahusika. Kwa mwandishi wa namna hiyo, nakala iliyochapwa ndiyo mara ya kwanza kwa jicho la fundi mwenzake kuiona riwaya nzima. Kumwambia kuwa amechelewa ni kumlaumu kwa kukosa huduma ambayo hakuipata popote. Na kuchelewa huko hakuondoi faida yote: lipo toleo la pili, na ipo riwaya ya pili, ambayo pengine imekwishaanza kuandikwa.

Kwangu mimi ugumu mkubwa haumo katika wakati. Umo katika staha. Unguja na Pemba tunajuana. Mwandishi unayemsahihisha leo kesho utakaa naye baraza moja, au utamkuta kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yako. Kwa hivyo jawabu linalotutoka haraka ni "hongera, kazi nzuri", nalo ndilo nililolitoa mimi mwenyewe siku ile, nikiwa sijafika hata nusu ya kitabu. Sifa ya namna hiyo ni adabu, na mtu aliyetokwa na jasho la miaka anastahili kupongezwa, lakini haimsaidii aliyeomba kuambiwa.

Wapo wanaosema kukosoana hadharani si mila yetu. Ushahidi wa Pemba yenyewe unawapinga. Kamange na Sarahani, washairi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walijibizana kwa tungo, kila mmoja akipima maneno ya mwenzake. Hata hivyo mshairi ana kinga ambayo mwandishi wa riwaya hana. Kina kilichopotea kinasikika, na mizani iliyopungua inahesabika kwa vidole, hata anayekosolewa hawezi kudhani kuwa anaonewa. Ukimwambia mwandishi wa riwaya kwamba mhusika wake amebadili tabia bila ya sababu, huna cha kumhesabia; unampa hukumu yako, naye ana haki ya kuikataa.

Haki hiyo ilidhihirika tulipofika kwenye lugha. Riwaya hiyo inasimulia msimu wa karafuu, na wahusika wake wanazungumza Kipemba kikavu. Wenzangu wawili walitaka mazungumzo yote yasanifishwe, na maneno kama makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, yafafanuliwe chini ya ukurasa ili msomaji wa Dodoma au Mwanza asipotee. Hofu yao naielewa, maana soko la visiwani pekee ni dogo. Lakini hapa naamini walivuka mpaka. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na tangu hapo sisi wa mjini tumezoea kuyaona masikio yetu kuwa ndiyo kipimo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya lahaja ya Kipemba mwaka 2012. Iweje bibi anayeanika karafuu majamvini huko Wete alazimishwe kuzungumza kama mtangazaji wa redio? Mwandishi mwenzako huisoma riwaya yako huku akiwa na yake kichwani, na mara nyingi marekebisho anayoyapendekeza yanakipeleka kitabu kule ambako yeye angekipeleka.

Msomaji wa kawaida hana tatizo hilo, na anapokifunga kitabu katikati ametoa hukumu ya kweli. Ila hasemi ni ukurasa gani uliomchosha, wala kwa nini. Hilo atalieleza mtu aliyewahi kuhangaika na sura isiyokwenda, na ndiyo maana siko upande wa mwenzetu aliyetaka ombi lile likataliwe.

Nimempigia simu mwandishi yule, nikamwomba radhi kwa hongera yangu ya haraka, nikamtaka aniandikie maswali matatu anayotaka yajibiwe. Ameyaleta. Mawili yanahusu mwisho wa riwaya. La tatu linauliza kama baba wa msichana anaaminika anapouza shamba, na kwa hilo nimerudi kuisoma upya sura ya tano, safari hii nikiwa na penseli mkononi.